Mtu Mzima Naye Acheze

Maneno yaliyosemwa na walimu wa masomo ya jioni, Siku ya Wakimbizi Duniani, Juni 20, kambini Dzaleka



Kamati ilipotuomba sisi walimu tuseme machache siku ya leo, ilitutajia mambo matatu ya kuchagua: elimu, nidhamu ya vijana, na usafi. Ni mambo mema na tumekuwa tukiyasema mwaka hata mwaka. Safari hii tuliomba ruhusa tuseme juu ya mchezo, na hasa mchezo wa watu wazima. Mzee mmoja wa kamati aliposikia hivyo alicheka akasema, "Walimu, na njaa yote hii mnataka kutuchezesha?" Tukamjibu kwamba ndiyo, tukamwomba akae mstari wa mbele. Tunamwona pale. Asante kwa kuja, mzee.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili mtu hucheza mpira, hucheza ngoma, hucheza karata, hucheza bao. Watu wakisimama mbele ya wenzao kuiga mambo ya dunia, tunasema wanacheza mchezo wa kuigiza. Huko Tanzania akina mama wakichangiana fedha kwa zamu husema wanacheza upatu, au wanacheza mchezo tu, na hakuna anayewaona watoto. Ndugu zetu wa Burundi na Rwanda husema gukina, na tamthilia ya redioni huiita ikinamico, neno lililozaliwa humo humo. Wenyeji wetu wa Malawi husema kusewera. Katika lugha zote hizo neno hili halikuwekwa kwa ajili ya watoto peke yao. Hiyo ni mipaka tuliyojiwekea wenyewe.

Sisi tuliopita chuo cha ualimu tulifundishwa habari za Friedrich Froebel, Mjerumani ambaye mwaka 1840 aliita shule yake ya wadogo "bustani ya watoto", na habari za Maria Montessori wa Italia. Tulijibu katika mtihani kwamba mtoto hujifunza kwa kucheza. Hakuna aliyetuuliza haja hiyo inakwenda wapi mtoto akishaota ndevu. Baadaye tulisoma kwamba wapo waliojiuliza. Johan Huizinga wa Uholanzi aliandika kitabu mwaka 1938 kuonyesha kwamba mchezo umo ndani ya mahakama, ibada, ushairi, na hata vita. Na Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, alieleza mwaka 1971 kwamba mtoto na mtu mzima vilevile hupata uhuru wa kubuni pale wanapocheza. Hayo yalitosha kututia moyo, lakini tuliyoyaona hapa kambini yametufundisha kuliko vitabu.

Mnajua wote mahali hapa palikuwa nini. Wakati wa Rais Kamuzu Banda palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Pakawa kambi mwaka 1994. Ilipangwa kwa watu elfu kumi hivi au kumi na mbili; leo tumepita elfu hamsini. Mwaka 2023 serikali iliagiza ndugu zetu waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini, na wengi wao ni watu waliokuwa wamezoea kufungua duka alfajiri na kufunga usiku. Sasa tujiulize: kazi kubwa ya mtu mzima hapa ni ipi? Ni kungoja. Anangoja chakula, anangoja mahojiano, anangoja jina lake libandikwe ubaoni, anangoja simu ya ndugu aliyeko ng'ambo. Mtu aliyekuwa dereva Uvira, fundi seremala Bujumbura, mkulima wa mihogo Fizi, anaamka asubuhi na hakuna jambo hata moja ambalo asipolifanya yeye litaharibika. Hilo humla mtu polepole. Baadhi hukimbilia pombe. Wengine huleta ugomvi nyumbani, na wengi zaidi hunyamaza.

Wataalamu wa afya walitoa hesabu yao katika jarida la Lancet mwaka 2019. Waliona kwamba katika nchi zilizopatwa na vita ndani ya miaka kumi, watu 22 katika kila 100 wana maradhi ya akili ya namna fulani, mepesi au mazito. Ni mtu mmoja katika kila watano, na kidogo zaidi. Hebu tazama benchi ulilokalia, uhesabu.

Sasa tuwaeleze tuliyoyaona. Sisi walimu watatu tuna darasa la jioni la Kiingereza kwa watu wazima. Lilianza na watu wengi, likapungua, kama ilivyo kawaida. Jioni moja ya mvua taa ya sola iligoma. Ubao hauonekani, na mvua haimruhusu mtu kwenda nyumbani. Wanafunzi kumi na wanne, mkubwa wao bibi aliyepita miaka sitini, wote gizani. Mmoja wetu aliyewahi kuishi kambini upande wa Kigoma akasema, basi tutegane vitendawili.

Kwa wageni wasioujua mchezo huu: mtegaji husema "Kitendawili!" nao humjibu "Tega!" Hutega. Wakishindwa kufumbua, husema "Nipe mji." Basi hupewa mji wowote, naye huenda huko kwa maneno tu: nilikwenda mji fulani, nikapokelewa hivi, nikala hivi, nikaona hivi. Akishashiba safari ndipo hutoa jibu.

Jioni ile kijana mmoja wa Makamba, Burundi, alitega hivi: "Rafiki yangu hanipokei nikienda mikono mitupu." Watu wakahangaika. Wengine walisema karani, wengine baba mkwe, na kuna aliyetaja ofisi ambayo hatutaitaja hapa. Wakashindwa. "Nipeni mji!" Kukawa kimya. Kisha yule bibi, ambaye kwa miezi miwili alikuwa hajasema darasani zaidi ya "good evening, teacher", akasema taratibu, "Nakupa Baraka."

Kijana hajapata kufika Baraka. Akaanza kubuni: "Nikaenda Baraka, nikapanda mlima mpaka nikachoka, nikafika sokoni kileleni, kuna baridi, nikanunua viazi…" Bibi akamkatiza. "Mlima gani, mwanangu? Baraka ni ziwani! Ukisimama pwani unaiona Ubwari ng'ambo ya maji." Kijana, kwa adabu, akaanza upya, akashuka ziwani. Akakosea tena kuhusu samaki, bibi akamsahihisha tena. Akakosea kuhusu mitumbwi. Tunadhani makosa mengine ya mwisho mwisho aliyafanya kwa makusudi. Kwa muda wa nusu saa yule mama alimtembeza mtu mjini kwao, nyumba kwa nyumba, akicheka, na watu wa Burundi na Rwanda na Wakongo wenyewe wakimfuata nyuma gizani. Mvua ikakatika, hakuna aliyeondoka. Jibu la kitendawili, bomba la maji, tulilisahau mpaka tulipokuwa mlangoni.

Tumelifikiria jambo hili mara nyingi. Mama huyo ameulizwa habari za kwao na watu wengi wenye kalamu. Kila mara ilikuwa lazima aeleze alivyotoka: tarehe, nani alimfukuza, nani alikufa. Hakuna fomu iliyomuuliza samaki huuzwa vipi. Mchezo ulimuuliza, tena ulimuuliza kwa kukosea, na mtu akisikia kwao kunaelezwa vibaya hawezi kukaa kimya. Katika mahojiano yeye ni mwenye shida, lakini katika mchezo alikuwa mwenyeji, na sisi wageni wake.

Tungependa kusema kwamba ilikwenda hivyo kila jioni. Haikuwa hivyo. Wiki chache baadaye mtegaji mwingine alipewa mji, na mji ule ndio walikofia watu wake. Aliyempa hakujua. Mtu yule alisimama akatoka, na sisi tulibaki tumeinamisha vichwa. Tulikosea kwa kutofikiri mapema. Tangu hapo tumeweka kanuni: mtu anaweza kuukataa mji wowote bila kueleza sababu, na hupewa mwingine. Vilevile mtu anaweza kutoa mji ambao haupo duniani. Kanuni hiyo ya pili waliileta wanafunzi wenyewe, na imeleta miji ya ajabu. Upo mmoja ambao foleni huja nyumbani kwako, wewe umekaa. Yule ndugu hajarudi katika vitendawili. Hucheza bao.

Na bao tusipolisema tutakuwa tumewadhulumu wazee walioko chini ya mwembe. Wakongo na Waswahili wa pwani, Wanyarwanda na Warundi wenye igisoro, Wamalawi wenye bawo: wote ubao ni ule ule, mistari minne yenye mashimo manane manane, kete 64, kila mtu 32. Tofauti zimo katika kanuni. Bao la pwani huanza na kete 22 mkononi mwa kila mchezaji, na anazipanda moja moja. Katika igisoro kete zote ziko ubaoni tangu mwanzo. Wenyeji nao wana yao. Mara ya kwanza wazee wa mataifa matatu walipokutana kwenye ubao mmoja, walibishana kwa saa nzima bila kuhamisha hata kete moja. Sisi vijana tulidhani mchezo umeshindikana. Kumbe ule ubishi nao ulikuwa sehemu ya mchezo. Walikubaliana: Jumatatu kwa kanuni ya huyu, Jumanne kwa kanuni ya yule. Watu ambao makwao wamegawanywa kwa bunduki walikaa wakatunga sheria, wakazifuata, na anayezivunja hukemewa na wa kabila lake mwenyewe. Siku hizi wazee wawili wa vijiji vya Dowa huja na baiskeli kucheza. Hawaji kuomba wala kuuza. Mmoja wao hufungwa kila siku na kila siku hurudi.

Tazameni mtu anapofikiria kete yake. Ana njia tatu au nne mbele yake na ni yeye anayechagua. Akikosea, amekosea yeye, na kesho atarekebisha. Tangu asubuhi hajapata nafasi nyingine ya namna hiyo. Ndiyo maana tunasema mchezo humpa mtu mzima kitu ambacho gunia la unga haliwezi kumpa, ingawa unga nao lazima uje. Tusieleweke vibaya hapo. Mchezo haushibishi. Wala si dawa ya mtu aliyeugua akili kwa uzito: huyo apelekwe kituo cha afya, asipelekwe kwenye bao.

Wapo watakaosema, lakini tunalo Tamasha la Tumaini. Kweli tunalo, tangu mwaka 2014, lilipoanzishwa na mshairi wetu mkimbizi Menes La Plume, na Wamalawi huja kulala katika nyumba zetu kusikiliza muziki. Tunajivunia. Lakini jukwaani hupanda wenye kipaji, sisi wengine tunapiga makofi. Tunayoyasema leo ni ya mtu asiyejua kuimba. Ni ya yule mwenye sauti ya chura na vidole vigumu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel huko Philadelphia, Marekani, waliwapa watu wazima 39 karatasi, kalamu za rangi na udongo wa kufinyanga, wakawaambia wafanye wapendavyo kwa dakika 45. Walipima mate yao kabla na baada, kutafuta kotisoli, ile homoni inayopanda mwilini mtu anapokuwa na dhiki. Kwa watu 75 katika kila 100 ilikuwa imeshuka, na waliowahi kuchora hawakuwazidi wale ambao hawajapata kuchora. Ni kundi dogo, na watu wale hawakuwa wakimbizi, kwa hiyo tusiligeuze kuwa msahafu. Hata hivyo mwaka 2019 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilikusanya tafiti zaidi ya 3000 juu ya sanaa na afya, na zinaelekea upande huo huo.

Sasa tuwageukie akina mama, maana tumeona kasoro yetu wenyewe. Chini ya mwembe hakuna mwanamke. Katika vitendawili wapo, kwa sababu walikuja darasani wakiwa wameshapata ruhusa ya "masomo". Mwanamke akisema anakwenda kucheza, ataulizwa nani amepika. Na ni kweli hana muda: maji, kuni, watoto, mgonjwa. Sisi wanaume ndio wenye saa nyingi mikononi, na ndio tunaolalamika kwamba hatuna la kufanya. Hatuna dawa ya jambo hili ila moja tuliyoijaribu: siku mbili kwa juma wanaume wa darasa letu hushika foleni ya maji jioni. Walichekwa sana pale bombani. Mmoja aliacha. Waliobaki wanasema, ukishachekwa siku nne, ya tano watu wamekuzoea. Na wake zao sasa wana kundi lao la maigizo, ambalo hatujaruhusiwa kulitazama, ila tumesikia kwamba mwalimu mmoja anaigizwa humo jinsi anavyotembea.

Yapo mawili yanayouua mchezo. La kwanza ni kamari. Fedha ikiwekwa ubaoni, aliyefungwa hawezi tena kurudi kesho akicheka. Hurudi kulipiza au harudi kabisa. Tuliona karata zikiharibika hivyo, na nyumba moja ikakosa godoro. Wazee wa bao wamekataa fedha, na tunawaomba Kamati iwaunge mkono.

La pili tunawaambia ndugu zetu wa mashirika, kwa heshima na kwa upendo. Msije mkaufanya mradi. Tunawafahamu, na mnatufahamu. Mtaleta orodha ya mahudhurio, mtaleta fulana, mtaleta sabuni kwa kila atakayecheza, na siku sabuni itakapokwisha mchezo nao utakwisha. Kisha mtatuuliza ni watu wangapi wamefurahi, wanaume wangapi, wanawake wangapi. Mwacheni mzee afungwe bao bila kuhesabiwa.

Lakini yapo tunayowaomba. Vifaa vya michezo vinapofika huwa vimekwisha andikwa "watoto", na tunajua sababu: Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 31, unataja kucheza waziwazi. Hatuwanyang'anyi watoto. Ila Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 24, linampa kila mtu haki ya mapumziko, na cha 27 haki ya kushiriki katika utamaduni wa jamii na kufurahia sanaa. Limesema kila mtu, bila kutaja umri. Basi tunaomba mambo matatu tu. Ufunguo wa jengo la mikutano, Jumatano na Jumamosi, saa kumi na moja hadi saa mbili usiku. Sisi walimu tutatia sahihi na tutafagia. Taa moja inayowaka mvua ikinyesha. Na mabaki ya mbao kutoka ujenzi wa vyoo: tunaye seremala aliyetoka Bujumbura, amesema atachonga mbao za bao sita bila malipo, maana amechoka kukaa. Zile mbao sasa zinachomwa moto.

Kamati ikikubali, tutaanza Jumamosi ijayo. Wasiokuwa na kete walete kokoto au vizibo vya soda. Kundi la vitendawili litakaa upande wa dirisha, na bibi wa Baraka amekubali kuanza. Yule mzee wa mstari wa mbele ametuashiria kwamba anajua igisoro; tumemwandika dhidi ya mgeni wetu wa baiskeli, saa kumi na moja kamili.